Nywele Zangu na Helmeti ya Kaka

Naona aibu kuisimulia, lakini mke wangu ameshaianza mara tatu kwenye sherehe za watu, bora niimalize mwenyewe.

Miaka ya themanini mwanzoni, baba yake Paskalina alituma neno kwamba anataka kumwona huyo kijana wa Karatu anayemtaka binti yake. Kaka yangu, bwana shamba mwenye pikipiki ya serikali, akaniazima baiskeli na helmeti yake. "Mteremko wa kwenda kwao Buger hauna adabu," akasema, "vaa hii." Nikaitikia vizuri, ila nilikuwa nimechana afro asubuhi nzima (afro yenyewe ilinitangulia mlangoni), basi kufika njia panda nikaivua helmeti nikaining'iniza kwenye usukani, nikashuka naimba, yenyewe inapigapiga breki, mara kamba yake ikanasa kwenye spoki, nikaruka mimi peke yangu mpaka mtaroni.

Nilipoinuka nywele zilikuwa tope tupu upande mmoja na kwenye paji nundu inaumuka. Nitaingiaje ukweni hivi? Ndipo nikaivaa helmeti, nikaisukuma baiskeli mpaka kwao.

Nikaamkia, nikakaa. Baba mkwe akanitazama weee.

"Kijana, mvua inanyesha humu ndani?"

"Hapana, Baba."

"Basi vua kofia mbele ya wazee."

Nikavuta, haitoki! Nundu ilishavimba humo ndani. Mama akaleta samli akanipaka pembeni, baba akashika helmeti, mimi nikashika nguzo ya nyumba, Paskalina kajificha nyuma ya mlango anacheka mpaka analia (nilimsikia), na ilipochomoka donge la tope likatua kwenye kibuyu cha maziwa nilichokuwa nimewekewa mgeni. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee hakucheka. Aliigeuza ile helmeti huku na huku, haina mkwaruzo.

"Ulipoanguka ilikuwa wapi?"

"Kwenye usukani, Baba."

"Kwa nini?"

"Nywele, Baba."

Akaniwekea helmeti mapajani, mimi najua Paskalina ndiyo basi tena. Kisha akamwambia mkewe, "Lete mkasi na wembe. Mtu anayelinda nywele akaacha kichwa simpi binti. Tuziondoe, tuone kitakachobaki."

Nikanyolewa palepale uani, majirani wanachungulia, nikarudi Karatu na kichwa kinang'aa, nundu juu, helmeti imekaa sawasawa na kamba imefungwa.

Paskalina nilimpata. Siku hizi nywele zimeondoka zenyewe, lakini bado sipandi baiskeli mpaka aje anifunge kamba kidevuni, na kila akifunga lazima aniulize kama mvua inanyesha.