Dada wa Mkandarasi

Yule mkandarasi aliyezomewa mtaani Magarama, hapa Gitega, ni mdogo wangu, tumbo moja. Masika mazima nilimkana. Kwetu Burundi kumkana ndugu ni kazi nyepesi: kila mtoto hupewa jina lake peke yake, hakuna jina la ukoo la kukusaliti. Mimi nina langu, yeye ana lake, na hatufanani ila tukikasirika.

Alikuwa amepewa kazi ya kujenga ofisi za serikali juu ya kiwanja ambacho mtaa wote ulikitumia, watoto kwa mpira, wakubwa kwa maturubai ya harusi na matanga. Hakukichagua yeye. Lakini serikali haiji dukani kununua sukari ukaizomea. Mwenye buti za simenti anakuja. Mafundi wake, waliotoka Mutaho kwa baiskeli, hawakuuziwa hata maharagwe. Yeye alikula kwangu, akipitia mlango wa nyuma, na hakuniuliza kwa nini wa mbele ulikuwa umefungwa. Wakati huo mimi, msomi wa chuo kikuu, nilikuwa nimekwisha kuandika insha ndefu juu ya ujasiri wa raia wa kawaida. Bahati yangu, ilisomwa na wachache.

Mwaka uleule alikuwa amepeleka posa Muyinga. Na watu wenye akili hawatoi binti kabla ya kuulizia mtaani kwa mchumba: ni mtu wa namna gani, ana nani.

Asubuhi moja nilikuwa dukani nasubiri kupimiwa mafuta, wateja wakimteta mdogo wangu kama kawaida.

"Wanasema iko na dada hapa hapa," mmoja alisema.

"Uyo dada atakuwa anakunywa chai ya simenti."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama mwenye duka hakucheka.

Kando yetu alikuwepo mgeni, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge kipya. Aliniuliza kwa adabu kama namfahamu kijana huyo, maana nilionekana mtu wa shule.

"Simjui," nikasema. "Nadhani hana mtu hapa."

Alinishukuru. Nikachukua mafuta yangu, nikaenda nyumbani kupika.

Wiki hiyohiyo, mdogo wangu akiwa mezani kwangu, simu yake ililia. Mikono yake ilikuwa na ugali, kwa hiyo akaiweka mezani na kufungua spika. Alikuwa baba wa binti. Alisema kelele za jengo walizisikia zamani na hazikuwasumbua. Kazi ya serikali haikosi maneno, na siku moja jengo huisha.

"Lakini mwanangu, shangazi yake alifika huko. Alimuuliza dada yako uso kwa uso, dada yako akasema hakujui. Mwenye duka ndiye aliyemwambia baadaye alikuwa anaongea na nani. Sasa binti yetu akiugua huko Gitega, ataita nani?"

Mdogo wangu alitazama sahani. Niliinamia simu, nikasema ni mimi dada yake, na kwamba ana watu. Kisha nikaanza kueleza, na nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza kila kitu.

Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Asante, mama," akasema. "Tulikuuliza siku ile, tukakuamini. Posa tumeirudisha."

Akakata simu.