Ng'ombe Zangu, Lori la Kaka

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kuendesha. Alikuwa dereva wa trekta la tajiri mmoja wa pamba, na tajiri akienda mnadani, kaka alinipandisha juu nikashika usukani, huku akicheka kwamba matuta yangu yamepinda kama utumbo wa mbuzi. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani na mtoto mgongoni. Mume wangu alikwenda kwenye machimbo upande wa Geita, akaoa huko huko.

Kisha kampuni moja ya mgodini ikatangaza mafunzo ya kuendesha yale malori makubwa, kwa vijana wa vijiji vya jirani, nusu ya nafasi zikiwa za wanawake. Tukaomba wote wawili. Siku ya majaribio kaka alirudisha lori nyuma likaingia mahali pake utadhani limevutwa kwa kamba. Mimi nikagonga pipa. Lakini wanaume walifurika uwanja mzima, wanawake tulikuwa wachache. Nikachukuliwa mimi, kaka akaachwa.

Nilifurahi, kisha nikaanza kusikia mtaani kwamba nimebebwa. Neno hilo lilinichoma sana, maana pipa nililigonga kweli. Nyumbani nako, nikimpa kaka shikamoo, aliitikia marahaba akiwatazama kuku.

Jioni moja alikuwa na wageni pale shikome, kwenye moto wa wanaume. Akasema, kwa sauti ya kunifikia jikoni, kwamba siku hizi anayetaka kazi azaliwe na sketi. Wageni wakacheka. Mkewe, wifi yangu, alikuwa anawanawisha mikono. Akaweka birika chini.

"Baba watoto, mimi nililetwa hapa kwa ng'ombe wa mahari ya wifi. Siku ile ulimuuliza kama ni haki?"

Kwetu ni jambo la kawaida: ng'ombe wanaingia kwa binti, wanatoka kumwolea kaka yake. Ng'ombe zangu hawakuzoea hata zizi letu. Ndoa yangu ilipoanza kuchacha nikaambiwa nivumilie, maana ng'ombe wamekwishaoa, mahari itarudishwa na nini? Nikavumilia mpaka mume akaondoka mwenyewe. Miaka yote hiyo sikumsikia mtu akisema kaka amebebwa, na wabebaji tulikuwepo.

Nilitamani kumkumbatia wifi. Lakini nilipochungulia nikamwona kaka ameshika tonge, haliendi mdomoni, na hasira yangu yote ikaniishia. Desturi ile hakuitunga yeye. Na lori lile alilitaka tangu tukiwa watoto, tulipokuwa tukisimama nje ya uzio wa mgodi kuyatazama malori yakipita, yeye akiunguruma kwa mdomo.

Siku ya kuanza mafunzo alfajiri nilimkuta mlangoni na pikipiki yake ya bodaboda, ambayo ndiyo iliyombakia baada ya tajiri kuuza trekta. Sikuwa nimemwomba. Tukaenda mpaka kituo cha basi la kampuni. Nilipokwisha kushuka ndipo akasema.

"Sijasema hukustahili. Nasema na mimi nilistahili."

"Ulistahili, kaka. Kuliko mimi."

Alihangaika na kofia yake ya pikipiki, mara aivue, mara aivae. Nadhani alikuwa akisubiri mtu wa nyumbani amwambie hivyo tangu majibu yatoke, na sote tulikuwa kwenye kushangilia au kusema ovyo.

"Ukirudi nyuma, anza na kioo cha kushoto," akasema. "Lile pipa lilikuwa kushoto, hukulitazama."

Wiki hiyo hiyo mkufunzi alinipa lori nilirudishe nyuma hadi ukingoni mwa kifusi. Nikaanza na kioo cha kushoto. Likaingia sawasawa. Akaniuliza nimefundishwa na nani, nikamjibu ni kaka yangu.

"Yeye anaendesha kwenye mgodi gani?"

Nikamwambia yuko nyumbani, ana bodaboda. Mkufunzi akatikisa kichwa kwa kusikitika, akaniambia nilirudishe lori nyuma tena.