Kidole cha kaka kilipokuwa cheusi, mie ndiye niliyeandika talaka ya shemeji

Wakuu, nawasalimu. Kwa umri wangu humu ndani wa kuniamkia ni nyie, basi marahaba zenu wote, tuendelee.

Nitaandika yaliyotokea tu, na ile sehemu inayonitia aibu sitairuka. Shule niliishia darasa la nne, mnivumilie.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwaga naishi Temeke kwa kaka yangu Maulidi. Temeke ile minazi na mihogo, jirani mpaka umwite kwa sauti. Mie nina miaka kumi na tisa, kuli bandarini.

Kaka alikuwa fundi cherehani, barazani kwenye duka la Mhindi mmoja. Fundi haswa. Ila sigara haikumtoka mdomoni, na meno yake yalikuwa mabovu, fizi zinatoa usaha.

Jino likimuuma anachukua tumbaku, anaikandika palepale kwenye fizi. Eti inaua maumivu. Tuliamini wote, hata mie nimeikandika sana tu.

Mkewe, shemeji Tatu, alikuwa mdogo wa umbo, mkali wa maneno, ila moyo wake mweupe.

Basi mguu wa kaka ukaanza. Akitembea kidogo unyayo unambana mpaka asimame. Halafu vidole vikawa baridi, na joto la Dar mnalijua. Halafu kidole gumba kikawa cheusi. Hajajikwaa wala hajachomwa na kitu. Umri wake hata thelathini na tano hajafika.

Shemeji kila siku akawa anaukanda kwa maji na mafuta ya mbarika, yaani nyonyo. Kaka analia, na yeye analia.

Tukaenda kwa mganga. Akasema, "Anayekufanyia hivi ndiye anayeushika huo mguu."

Wakuu, nani mwingine alikuwa anaushika?

Kaka kuandika hajui. Akaniambia, "Chukua kalamu, mdogo wangu." Nikaandika talaka moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la nne. Nikatumwa nikamsomee. Nilimkuta jikoni anachemsha maji ya kumkandia mumewe.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Shemeji, na haya maji niyamwage?"

Nikaikunja karatasi, nikatoka.

Akaenda kwao Mbagala. Kesho yake bombani wanawake wameshampa jina: mchawi.

Lakini mguu haukujali talaka. Wiki mbili, kidole cha pili nacho cheusi. Nikampakia kaka kwenye baiskeli mpaka hospitali.

Daktari alikuwa Mhindi, mtu mzima. Akaupapasa mguu kutafuta mapigo. Kisha akasema, "Fungua mdomo."

Kaka akamwambia, "Daktari, unaouma ni mguu. Mdomoni unatafuta kiatu?"

Daktari akacheka, akamfungua hivyohivyo. Akatueleza kwamba mishipa ya damu ya mguuni imevimba na kuziba. "Sigara, na hiyo tumbaku ya kwenye fizi, mwisho leo. La sivyo utarudi nikukate mguu gotini." Kuhusu meno akasema, "Nashuku uchafu wa fizi unaingia kwenye damu na kuchochea mishipa. Kuthibitisha siwezi. Lakini usaha huo ukae mdomoni kwa faida gani?"

Wakakata vidole viwili, wakang'oa meno kumi na moja.

Mie nikajikaza nikauliza, je, kumkanda kunaweza kuua kidole? Akasema maji yawe ya vuguvugu tu, yasimuunguze. Akaongeza, "Aliyekuwa anamsafisha amefanya kazi kubwa, kidonda hakijaoza. Yuko wapi?"

Kaka akageukia ukutani.

Tumbaku aliiacha, ila alinitukana matusi ya nguoni mwezi mzima kama vile mie ndiye niliyemnyima. Kidonda kikafunga. Mguu wa pili ukasalimika.

Eda haijaisha, tukaenda Mbagala, kaka na mkongojo wake. Shemeji kakaa kwenye mkeka, hatutazami.

"Nimekuja kukurejea, mke wangu."

"Mguu wako umepona," akasema. "Jina langu nalo nani atalikanda? Mlinichafua bombani, kanisafisheni bombani."

Asubuhi kaka akasimama katikati ya madebe. Meno ya mbele hana, maneno yanatoka upepo. "Tatu hajaniroga. Nimeumwa ugonjwa wangu, nikamsingizia."

Mama mmoja akapiga kelele, "Fundi, rudia! Yamepita pengoni hayo!" Wakacheka. Akarudia. Nami nikasema, "Talaka niliandika mie." Hapo hakucheka mtu.

Shemeji alirudi, wakazeeka pamoja. Mumewe yeye alishamsamehe, shemeji hana kinyongo naye. Mie alinipikia, alinilelea watoto, lakini barua ikija kutoka kwao Mbagala alikuwa anavuka nyumba nne kwenda kusomewa na mwingine. Mpaka anakufa hakunipa hata moja.

Mjukuu wangu ni nesi. Ananiambia ishu ya bakteria wa fizi kuchangia ugonjwa ule mpaka leo wataalamu wanaitafuta, huenda ni kweli, huenda sivyo kabisa. Tumbaku ndiyo haina ubishi.

Kwa hiyo wakuu, kidole kikiwa baridi na kubadilika rangi, hospitali, tena haraka. Sigara tupeni, meno tunzeni. Na kabla hujataja mchawi, mtazame vizuri yule aliyeshika beseni.

Kama kuna aliyewahi kumsingizia mtu wake ugonjwa, aandike hapa alivyomrudia. Mie nasoma zote, miwani ninayo.