Hongwe wa Mama Mussa

Fundi Majidi, mshonaji wa Mshangano, hakuwa mtu wa kujiamini sana. Hata suruali aliyoishona vizuri aliikabidhi kwa mteja huku akiiombea radhi. Lakini hofu iliyomkaa siku hizo haikuwa ya nguo. Mkewe, Ashura, alikuwa ameinuka kutoka kwenye malaria, ila chakula kilimshinda. Uji aliusogeza pembeni, wali aliugeuzia uso. Gauni alilomshonea mwenyewe sasa lilimning'inia mabegani.

Kwa hiyo, Ashura alipotamka kwamba anatamani hongwe, Majidi alikwenda sokoni nusura akimbie, akarudi na samaki mkavu wa kubanikwa.

Ashura alimgeuzageuza yule samaki, akatabasamu kwa huruma.

"Baba Mussa, huyu kambare wa mtoni."

"Si ana sharubu?"

"Hata beberu ana ndevu." Akajiegemeza ukutani. "Tazama, pezi la huyu limetambaa mgongo mzima. La hongwe ni fupi, liko karibu na kichwa, na mbele yake pana mwiba. Wavuvi huuvunja, lakini kisiki hubaki. Na mkia wake umegawanyika panda."

"Anaishi wapi huyo?"

"Kwenye tope la mikoko, mto unapokutana na bahari. Kwetu."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Majidi. Alimtoa binti wa watu Mikindani, akamleta kwenye baridi ya Songea, na miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza amekumbuka nini.

Akarudi sokoni. Hapo akakuta mtihani mwingine: samaki wote walikuwa wamekunjwa mviringo kabla ya kubanikwa, mkia umeumwa mdomoni. Akaanza kuichomoa mikia, mmoja baada ya mwingine.

"Fundi," alisema Theodosia, mwenye meza, "unanunua samaki au unawang'oa meno?"

"Natafuta hongwe."

"Kambare ni kambare. Ninyi Wayao mkishika mkasi mnajiona madaktari."

"Mtani, mama Mussa hajala kitu cha maana tangu apone. Niache nitafute."

Theodosia akaburuta gunia lililotoka Mtwara, akapiga magoti, na wote wawili wakawa wanapapasa migongo ya samaki kama watu wanaochagua mchele. Kidole cha Majidi kikakwama kwenye kisiki kigumu. Akauchomoa mkia taratibu. Ulikuwa panda.

Nyumbani alimpika mwenyewe, na tui likamkatikia. Ashura akaonja mchuzi, akaonja tena.

"Ndiye," alisema, akamega ugali.

Majidi alikaa akiufuata kwa macho mkono wa mkewe kutoka sahanini hadi mdomoni, akiogopa hata kukohoa. Tonge la nne lilipopita, Ashura alimsogezea sahani.

"Dume la hongwe hulea mayai kinywani, halili mpaka yaanguliwe. Wewe umebeba nini humo? Hebu nawa, tule."

Majidi akanawa.