Elva Rodda na Fleti za Kanisani

Kanisa la Kimethodisti la Mtaa wa Rowan, pale Mayfield, kaskazini mwa Sydney, lilijengwa na watu wa kiwanda cha chuma. Walitoka zamu na masizi usoni, wakashika mwiko na matofali mekundu mpaka giza likawafukuza. Waliolifunga ni watu ambao hawajawahi kushika mwiko maishani mwao. Ndiyo dunia ilivyo siku hizi: aliyejenga haulizwi, anayeuza haoni haya.

Jumapili ya mwisho kanisani mlikuwa na watu kumi na mmoja, na Elva Rodda alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka themanini na moja, mjane wa Wilf Rodda, fundi wa matofali ya tanuri. Tetemeko la mwaka themanini na tisa lilipoupasua ukuta wa upande wa reli, Wilf aliuziba kwa Jumamosi zake, bila kudai hata senti. Sasa Wilf hayupo, kiwanda hakipo, na Elva alikuwa akikaa peke yake katika nyumba ya kupanga inayotazamana na kanisa. Kila asubuhi alifungua pazia, akatazama mlango uliofungwa kwa mnyororo, akalifunga tena.

Kisha ikatangazwa kwamba mjenzi mmoja, Kosta Vrettos, amelinunua kanisa na anataka kutengeneza fleti kumi na nne ndani yake. Hapo mtaa ukapata dini ghafla. Watu waliokuwa wakipita na mbwa wao wakati wenzao wanaimba ndani, bila hata kugeuza shingo, sasa waliyalilia madirisha ya vioo vya rangi. Siku hizi mtu hulijua jina la mbwa wa jirani yake kabla ya kulijua la jirani mwenyewe. Wapo waliolia kweli. Wengi walilia kwa sababu ya mahali pa kuegesha magari.

Kiongozi wao alikuwa Imogen Haddow, mwalimu wa uchoraji aliyehamia miaka mitatu nyuma na kuipaka nyumba iliyokuwa ya akina Pascoe rangi nyeusi tii. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na moyo mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Siku moja alibisha kwa Elva akiwa na keki ya karoti mkononi.

"Bi Elva, kanisa hilo likifa, mtaa umekufa," alisema akiweka chini kikombe chake cha kwanza cha chai. "Na wewe ndiye uliyebaki wa kweli. Tunautaka uso wako."

"Uso wangu? Wa kazi gani?"

"Kwenye mabango. Picha moja tu. Halmashauri wakikuona wewe watayeyuka kama siagi."

Elva hakujibu. Aliinua birika akamjazia kikombe tena.

Kwa watu wa kanisa lile, hilo lilikuwa jibu kamili. Mwenye nyumba akikujazia kikombe cha pili bila kukujibu, ombi lako limekataliwa. Nawe unashukuru, unageukia habari za mvua, na hakuna aliyeaibika. Kuna mchungaji mgeni aliyetaka kuuza kinanda cha kanisa: alijaziwa vikombe vitatu katika nyumba tatu, na kinanda kikabaki. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Watu walikua nalo.

Lakini Imogen hakukulia huko. Aliinywa chai kwa raha zote, akatoa simu, akapiga picha.

"Asante sana, kipenzi. Nilijua hutatuangusha."

Elva alibaki ameshika mfuniko wa birika. Kumwambia mgeni "hapana" waziwazi mezani kwake aliona ni sawa na kumpokonya kikombe mdomoni. Akaurudisha mfuniko mahali pake. Wiki ile ile sura yake ikatundikwa kwenye kila ua wa mtaa, na chini yake maandishi makubwa: KANISA LANGU SI FLETI.

Haukupita muda, mwenye nyumba akafa. Mzee Tuck hakuwa amempandishia Elva kodi tangu Wilf afariki, maana yeye na Wilf walisoma shule moja. Mwanawe alikuja na viatu vinavyong'aa, akasimama barazani.

"Inatubidi tuuze, Bi Elva. Si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya. Baba yako angeuza?"

"Baba alikuwa mtu wa zamani."

"Ndiyo," alisema Elva. "Alikuwa."

Kodi za Mayfield zilikuwa zimepanda mpaka penye mawingu. Pensheni yake isingemlipia hata gereji. Lililobaki lilikuwa makao ya wazee kule mbali, njia ya Maitland, alikopelekwa rafiki yake Thora Quick. Elva alikuwa amekwenda huko mara nyingi kumtazama, na kila mara alirudi akiwa amenuia kufa kabla ya siku ya kuhamia.

Siku moja alikuwa akifagia majani mbele ya lango, Kosta Vrettos akasimamisha gari lake la mizigo kando ya barabara. Alikuwa mtu mnene mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Alivua kofia.

"Mama, naomba kuuliza. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kila nikipita unanikodolea macho toka kwenye ua wa watu. Mke wangu anasema nimeshaanza kukuota."

Elva alicheka bila kutaka. Wakaongea. Ndipo aliposikia jambo ambalo mabango hayakulitaja: fleti mbili za chini, zisizo na ngazi, zingepewa wazee wa Mayfield, kwa kodi inayolingana na pensheni. Chama cha makazi kilikuwa kimekubali kuzisimamia. Bila fleti hizo Kosta asingepata hata nafasi ya kusikilizwa na halmashauri.

"Watu hawa wanajua?" Elva aliuliza.

"Niliwaambia. Bwana Craig wa pale kona akaniuliza hao wazee wataegesha wapi."

Elva alienda kwa Thora kwa basi. Thora alikuwa dirishani na blanketi magotini, mdomo wake ukiwa mzima kuliko viungo vyote.

"Nimeiona picha ya bango lako gazetini," alisema. "Umekunja uso kama mtu aliyemeza limau."

"Jua lilinipiga machoni."

"Jua! Ulikuwa unakataa, na huyo aliyekupiga picha hajui kusoma uso. Ulimjazia?"

"Nilimjazia mpaka ukingoni."

"Kazi bure. Hawa wa sasa ukiwajazia wanakunywa." Thora alimsogelea. "Una neno. Lilete."

Elva alimweleza habari za nyumba, kisha za fleti ya chini. Alimaliza akitazama mikono yake. "Nataka kukaa mle, Thora. Nimeubeba mtaa ule mgongoni mwangu. Sitaki kufia kwenye korido. Lakini je, si kufuru? Kupika kabichi mahali tulipokula meza ya Bwana?"

"Kufuru ni kulishwa chakula cha jioni jua bado lipo, kama kuku," Thora alisema. "Wilf aliuziba ukuta ule ili usimwangukie mtu. Hakusema mtu huyo lazima awe anaimba. Nenda mkutanoni ukaseme. Kwa mdomo, mwenzangu."

"Wanawake wa kwetu hatukuwa wasemaji wa mikutano. Tulikuwa tunaosha vyombo."

"Ndiyo maana hatuna kanisa."

Mkutano wa halmashauri ulifanyika kwenye ukumbi wa maktaba. Mabango yalikuwa yamepangwa ukutani, Elva mmoja kando ya mwingine. Bwana Craig alisema juu ya magari mpaka akaambiwa aketi. Mtu mwingine alisema juu ya kivuli kitakachoangukia bustani yake ya nyanya. Kisha Imogen akasimama, na sauti yake ilitetemeka kweli alipoyataja madirisha.

"Sasa," alimaliza, "tumsikilize aliye moyo wa kanisa letu. Bi Elva Rodda."

Watu wakapiga makofi. Elva alisimama ameukumbatia mkoba wake. Alilinyoshea kidole bango lililokuwa karibu.

"Picha hiyo ni yangu," alisema. "Maneno yaliyo chini yake si yangu."

Watu wakageuka kuyatazama mabango.

"Mimi nataka fleti zijengwe. Nyumba ninayokaa inauzwa. Pale kanisani patakuwa na fleti mbili za wazee, na mimi nataka moja. Hilo ndilo neno langu."

"Vrettos kakupa nini, bibi?" Craig alipaza sauti kutoka nyuma.

"Kanieleza kuna nini ndani ya michoro. Nyinyi mlinipiga picha." Elva alimgeukia, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyojua anayo. "Nayaonea huruma magari yenu, mwanangu. Lakini Jumapili ya mwisho tulikuwa kumi na mmoja mle ndani, na mlango ulikuwa wazi, na maegesho yalikuwepo tele. Mlikuwa wapi?"

Craig aliinamia funguo za gari lake. Imogen alikuwa amegeuka mwekundu mpaka masikioni.

"Kwa nini hukuniambia, Bi Elva?"

"Nilikuambia. Nilikujazia chai."

Wazee wawili wa kanisa lile waliokaa karibu na mlango waliangua kicheko, mmoja akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Wengine wote walitazamana, hawakuelewa kitu.

Halmashauri ilipitisha ujenzi. Waliikata orofa ya juu kabisa kwenye michoro, wakaamuru madirisha yasiguswe. Kila upande ulirudi nyumbani ukinung'unika, na huenda hiyo ndiyo dalili ya hukumu iliyo ya haki kiasi. Fleti mbili za chini zilibaki, na chama cha makazi kikaandika jina la Elva miongoni mwa wanaohitaji zaidi.

Siku chache baadaye, Elva alimwona Imogen akipita ua kwa ua na koleo, aking'oa mabango. Wenzake wawili walikuwa wameacha kumsalimia kwa sababu hiyo. Alipofika kwenye lango la Elva alisimama, mzigo wa nyuso zile ukiwa kwapani.

"Nimekuwa mjinga," alisema.

"Si peke yako. Mimi nina mdomo, na niliufunga."

"Utakaa wapi wakati wanajenga?"

Katika vita vile vyote, hakuna aliyekuwa ameliuliza hilo. Hata Kosta. Hata Elva mwenyewe alikuwa akilizunguka kila usiku asiliguse.

"Sijui," alisema.

"Nina chumba cha nyuma. Kinanuka rangi."

"Mimi nanuka dawa ya kuchua viungo. Tutapatana."

Hawakupatana sana. Waligombana juu ya joto la maji, juu ya redio, juu ya kitunguu saumu. Lakini Elva alikaa mwaka mzima na zaidi, na alipougua kifua, Imogen alilala kitini kando yake. Ng'ambo ya barabara misumeno ilinguruma. Mabenchi yalitolewa na kuuzwa kwa hoteli moja ya Sydney, na siku hiyo Elva hakufungua pazia.

Alipopewa ufunguo, fleti yake ilikuwa upande wa reli. Ni nzuri, haina hata kizingiti cha kujikwaa. Ila mafundi walipoweka sakafu ya juu ilipita katikati ya dirisha kubwa la vioo vya rangi. Elva akapata nusu ya chini: miguu ya mitume, majani, na mkia wa kondoo. Vichwa vyote vilibaki kwa jirani wa juu, muuguzi wa zamu aitwaye Anjali.

Hakuna anayeimba mle sasa. Jumapili husikika mashine ya kufulia. Elva alivumilia wiki ya kwanza, kisha akajikokota mpaka kwenye lifti na sahani ya keki za nazi zilizochovywa kwenye chokoleti, akabisha.

"Samahani, binti. Nimekuja kuona vichwa."

Anjali alimkaribisha kwa mikono miwili. Walisimama mbele ya kioo, mwanga wa rangi ukiwamwagikia usoni.

"Huyu ni Petro," Elva alionyesha. "Na huyu hapa si mtume kabisa. Ni mzee Trembath. Ndiye aliyelipia dirisha, akashikilia sura yake iwekwe. Alikuwa anatukemea tukichelewa."

"Mungu wangu," Anjali alisema. "Mimi nimekuwa nikimwita Kevin."

Elva alimtazama tena mzee Trembath.

"Mwache abaki Kevin," alisema, akatafuta mahali pa kuketi.