Kichuguu cha Marsela

Jambo la kwanza nililoliona kwa Marsela ni kwamba hakukaa. Jumuiya yetu ya Kasansa ilisali nyumbani kwa Optatus, mdogo wa marehemu mume wake. Mabenchi hayakutosha, hivyo wengi tulikalia matofali mabichi yaliyopangwa uani. Marsela alisali rozari nzima akiwa amesimama.

"Shemeji, kaa basi," Optatus alimwambia tulipomaliza.

"Nikalie mboga yangu?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Udongo wa matofali yale ulitoka kwenye kichuguu kilichoko mwisho wa shamba la Marsela. Alipoolewa, mama mkwe alimpeleka pale na kumpa sharti moja: jembe lisifike. Mvua zinapoanza, uyoga mweupe, mpana kama sahani, huchomoza pembeni mwake. Marsela huung'oa kwa vidole, na ule uliozeeka huuacha uozee papo hapo. Mbichi huuunga kwa karanga za kusaga. Unaobaki huuchemsha na chumvi, huuanika kwenye ungo, kisha huuning'iniza juu ya moshi wa jiko. Hiyo ndiyo mboga ya Kwaresima nyumbani kwake.

Kiangazi hiki alikwenda Mpanda kumhudumia binti yake aliyejifungua. Optatus akaona nafasi, kwa sababu udongo wa kichuguu hushika vizuri. Marsela aliporudi alikuta shimo.

"Ulichimba mpaka wapi?" alimuuliza siku ile mbele yetu.

"Mpaka uliponitosha."

"Malkia wa mchwa ulimkuta?"

"Mimi nilitafuta matofali, shemeji. Habari za malkia sina."

"Mama yako alisemaje kuhusu pale?"

"Aliwaambia nyie mlioolewa hapa. Sisi watoto wake hakutuambia kitu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkasirisha zaidi. "Umekula uyoga ule tangu hujaota meno," alisema. "Hata siku moja hukuuliza unatoka wapi?"

Optatus alianza kukusanya mabenchi. Kesho yake alimpelekea matofali, ajengee jiko jipya. Marsela aliyabeba kichwani hadi shambani, akayapasua kwa mpini wa jembe na kuyamwaga shimoni. Nilipomkuta alikuwa anatokwa jasho, hasira haijapungua.

"Msaidie Optatus kuomba Mungu," aliniambia. "Malkia akiwa amekufa, uyoga hauoti tena, na mimi na yeye tutasalimiana kanisani tu."

Juzi aliniita nikatazame. Katikati ya vumbi kavu palikuwa na udongo mpya, wenye unyevu, uliofunikwa juu ya tundu. Mchwa walikuwa wanajenga. Marsela aliuzungushia miiba, akachuchumaa kando yake.

Optatus naye alikuja, akasimama mbali.

"Uyoga utaota?" aliuliza.

"Usiniulize mimi. Subiri mvua."

Leo mawingu yamejaa upande wa Ziwa Rukwa. Marsela ameshaosha ungo. Tangu alfajiri anachungulia shambani, na Optatus, asiyethubutu kuvuka miiba, anachungulia kutoka uani kwake.