Sauti Aliyoifuta Mama Rekodi

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Rekodi amefunga mlango wa duka lake kwa ndani, jambo ambalo hajawahi kulifanya siku ya kazi. Mezani kuna kanda moja ya kaseti, bisibisi ndogo, pamba, chupa ya spiriti na penseli. Anashika bisibisi, anairudisha mezani. Anaguna.

"Miaka thelathini na miwili nashika vitu hivi," anasema. "Leo naona kama ndiyo kwanza najifunza."

Kwenye kiti cha wateja ameketi mwalimu wa hesabu, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mikono kaibana katikati ya magoti. Kanda ni yake. Ndani yake imo sauti ya marehemu mama yake, na duniani hakuna nyingine.

Kazi ya Mama Rekodi ni kuhamisha nyimbo kutoka kwenye kanda za zamani kwenda kwenye flashi na simu. Enzi hizo aliuza kanda zenyewe, watu wakapanga foleni hadi barabarani. Siku hizi akipata wateja wanne kwa siku anamshukuru Mungu.

Sifa yake ni usafi. Mikwaruzo, mivumo, kikohozi, sufuria iliyoanguka, vyote anavifuta. Maana zamani wengi hawakuwa na waya wa kurekodia moja kwa moja kutoka redioni. Waliweka kinasa sauti mbele ya redio, wakabonyeza, wakaomba nyumba nzima inyamaze. Nyumba gani hiyo ikanyamaza?

Na usimguse kwenye nyimbo za zamani, utakesha. "Zamani mtu alikuwa anaimba, bwana! Siku hizi anaimbiwa na kompyuta. Maneno matatu, ngoma tupu, basi, wimbo umekwisha."

Bahati mbaya, au nzuri, kitindamimba wake ni mwimbaji wa nyimbo hizo hizo. Binti hana maneno mengi. "Mama, hata hao wako waliimba nakupenda, njoo. Tofauti yao walivaa suti," alimjibu siku moja, na mama mtu akacheka bila kupenda.

Wiki iliyopita mwalimu alileta kanda yake akasema maneno matatu tu: "Naomba unitolee wimbo." Ulikuwa wimbo ambao Mama Rekodi anaupenda kuliko zote. Akausafisha mpaka ukang'aa. Kesho yake mwalimu akarudi na flashi mkononi, macho mekundu.

"Mama yangu yuko wapi?"

Mwalimu aliurekodi wimbo ule akiwa na miaka kumi na saba, na katikati mama yake aliingia chumbani akimfokea. Miaka miwili baadaye mama akafariki. Mwalimu hakuwa na cha kuchezea kanda kwa zaidi ya miaka ishirini, ila alijua mama yumo humo. Hakusema, na fundi hakuuliza.

"Nilidhani ameniletea wimbo," anasema Mama Rekodi. "Kumbe kaniletea mtu, na mimi nimemfuta kama vumbi."

Nakala ya kwanza alikwishaiondoa kwenye kompyuta ili apate nafasi. Ikabaki kanda, na kanda yenyewe ilikuwa hoi: utepe umesinyaa, unamwaga unga wa kahawia. Alimweleza mwalimu ukweli mtupu. Ikichezwa tena inaweza kukatika, na ikikatika pabaya, basi tena. Mwalimu akaenda kufikiri siku tano. Leo amekuja na neno moja: "Icheze."

Mama Rekodi anafungua skrubu, anahamishia utepe kwenye kasha jipya, anauzungusha kwa penseli taratibu. Anafuta kwa pamba na spiriti mashine ya kuchezea kanda, iliyounganishwa na kompyuta. Anabonyeza.

Wimbo unatoka kama mtu mwenye mafua. Ubeti wa kwanza. Kiitikio. Mwalimu amefumba macho. Mara, ndani ya kanda, mlango unalia, na sauti ya mwanamke inajaa duka zima:

"We mtoto, zima hayo makelele! Nyimbo gani hizi hazina kichwa wala miguu? Enzi zetu ndiyo watu waliimba!"

"Ndiye!" mwalimu anapiga kelele. "Ndiye huyo, wallahi!"

Mama Rekodi anamnyamazisha kwa kidole, maana bado. Ndala zinaburuzwa kuelekea mlangoni. Kisha kwa mbali, chini chini, sauti ile ile inaingia kwenye kiitikio na kukiimba mpaka mwisho, bila kukosea neno.

Utepe unakatika. Hakuna anayeshtuka, kompyuta imeshanasa yote. Mwalimu analia na kucheka kwa pamoja. "Alikuwa anaujua! Kinasa changu cha zamani hakikuwahi kuitoa sauti hiyo ya chini, miaka yote hii sikujua!"

Fundi mwenyewe anaiweka pamba mezani. Baadaye anaeleza. Miaka miwili iliyopita binti yake alimchezea wimbo wake wa kwanza kabisa, naye akamwambia azime hayo makelele. Tangu siku hiyo binti hajamsikilizisha kitu. "Tunakula pamoja, tunataniana. Lakini wimbo? Hata mluzi hapigi nikiwepo. Imeniuma, ila nilijitia kichwa ngumu."

Je, amebadili mawazo kuhusu nyimbo za siku hizi? Anaruka kama kamwagiwa maji. "Thubutu! Zimepwaya, na nitasema hivyo hivyo hadi kaburini."

Ila mchana huu amempigia simu binti yake. Amemwomba Jumapili aje nyumbani na wimbo wake mpya, aucheze kwa sauti ya juu, na aache simu irekodi chumba kizima.

"Nitalalamika kama kawaida yangu," anasema, akijifuta macho kwa kiganja. "Na nikijisahau nikaimba, hapo ndipo asithubutu kunifuta."